Mipaka ya Punje

Msomi wa fasihi akisikia neno "mpaka" huwaza ardhi, ukoo au tanzu. Mwanafizikia huwaza punje. Kipande cha aloi, hata king'ae vipi, ni jumuiya ya punje ndogo za fuwele, na kila punje imezipanga atomi zake kwa mwelekeo wake. Zinapokutana, mpangilio huvurugika. Hapo ndipo penye mpaka.

Mipaka hiyo ina uzito mkubwa katika aloi zinazogeuza joto kuwa umeme, tukio lililobainishwa na Thomas Seebeck mwaka 1821. Katika viwanda vya chai vya Kericho na Bomet, kuni za mikaratusi huchemsha maji, mvuke ukapasha hewa ya kukaushia majani, na joto jingine likapotelea angani. Aloi ya namna hii ikiwekwa baina ya bomba la moto na hewa baridi ya milimani, huweza kuzalisha umeme kiasi. Lakini sharti ipitishe umeme na papo hapo izuie joto. Joto likivuka upesi, pande mbili hukaribia kulingana na umeme hufifia.

Mwaka 2008, watafiti wa Boston College na MIT walisaga aloi ya bismuthi, antimoni na teluri ikawa unga laini mno, kisha wakaushindilia kwa joto. Mipaka ikaongezeka, ikaitawanya mitetemo ya atomi inayosafirisha joto, ilhali elektroni nyingi zilivuka. Kipimo cha ubora kikapanda kutoka takriban 1 hadi 1.4. Hata hivyo, dawa hii haifai kila mgonjwa. Katika baadhi ya aloi za magnesi na antimoni, mipaka huzizuia elektroni zenyewe, hasa katika halijoto ya kawaida. Huko nafuu hupatikana kwa kukuza punje ili mipaka ipungue.

Yamkini, basi, mpaka hupimwa kwa kile unachokizuia na kile unachokiruhusu kupita. Nchi ya chai inalijua hilo. Tangu mwaka 1986, kanda za chai za Nyayo zilipandwa pembezoni mwa misitu, Mau ukiwemo, ili kuukinga msitu dhidi ya uvamizi huku mchumaji akipata riziki. Mapema mwaka 2008, mpaka wa Sotik na Borabu, uliozoea kuvukwa na majirani, ukawa mahali pa moto na vilio, na wafanyakazi wengi wakayahama mashamba ya chai ya Kericho. Mpaka ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba binadamu alizuiwa, chuki ikapita.

Kiswahili nacho kimesimama mpakani. Huwaunganisha wachumaji wa lugha mbalimbali penye mizani ya majani. Na tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hakuna anayeweza kudai kwamba maabara ni ng'ambo isiyofikika. Lugha yenyewe imelipa neno hili kazi mbili: mpaka ni pale mtu anapokomea, na pia ndilo neno linalomfikisha msafiri kutoka Kericho mpaka Bomet.