Nani Muuaji? Mabishano ya Wasomaji wa Riwaya za Upelelezi

Wapenzi wa riwaya za upelelezi hawakutani barazani bila ya kubishana. Kila mmoja huja na mpelelezi wake kama mtu ajavyo na timu yake ya mpira. Huyu ni wa Bwana Msa, yule ni wa Willy Gamba, na wa tatu, aliyemsoma Sherlock Holmes kwa Kiingereza, huwadharau wote wawili. Katika nyumba za askari mabishano hayo huwa makali zaidi, kwa kuwa jambo linalosimuliwa kitabuni ndilo kazi inayowalisha watoto.

Wazee wengi humshika Bwana Msa. Aliyembuni, Muhammed Said Abdulla wa Unguja, alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, na huenda ndiko alikopata lile jicho lake la kukagua nyumba za watu. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Humo maiti inakutwa mahali panapoogopwa na watu, na wengi wako tayari kuamini kwamba mzimu umefanya kazi yake. Bwana Msa hakubali. Yeye huvuta kiko chake, huuliza maswali yanayoonekana kuwa ya upuuzi, na rafiki yake Najum hubaki akishangaa pamoja na msomaji. Hana bunduki wala hana cheo.

Vijana husema kwamba mwendo wake ni wa kobe. Wao wanamtaka Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia uwanjani kwa Kufa na Kupona mwaka 1974, akapambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Au Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hapo kuna ndege, hoteli kubwa, warembo wasioaminika na risasi zisizokwisha. Askari aliyetoka lindo la usiku hana haja ya kulaumiwa akipenda kitabu kinachomkimbiza hivyo. Lakini ni haki kusema kwamba vitabu vya namna hiyo havimwombi msomaji atoe hukumu. Adui hujulikana mapema, na kazi inayobaki ni kumfikia kabla hajakufikia.

Kuna na wasomaji wa kundi jingine, ambao huona kwamba hayo yote ni madogo, wakataka hadithi za ajabu: majini, safari za angani, watu waliofufuka. Nao wana vitabu vyao vizito, kama Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, vyote vya Euphrase Kezilahabi, ambamo dunia haifuati saa wala njia tuliyoizoea. Hadithi hizo zina uhuru ambao mpelelezi hana. Mwaka 1929 padri mmoja wa Kiingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa mtunzi wa riwaya za upelelezi, aliandika amri kumi za uandishi huo, na mojawapo ilikataza kabisa nguvu zisizo za kibinadamu. Jini akiruhusiwa kupita ukutani, mlango uliofungwa kwa ndani hauna maana tena, na msomaji aliyekuwa akikusanya dalili ameibiwa. Bwana Msa alipoukataa mzimu, aliilinda haki hiyo ya msomaji.

Katika kambi moja ya polisi nchini Uganda kilizunguka kitabu cha upelelezi kilichokuwa kimepita mikono mingi hata kurasa za mwisho zikang'oka. Koplo mmoja alikisoma kwa sauti jioni, mkewe akichambua mchele, na jirani yao sajini akisikiliza kwa mbali kama mtu asiyejali. Walipofika mahali palipochanika, kila mmoja alikuwa na muuaji wake.

"Ni yule kijana mgeni," alisema koplo. "Tangu mwanzo macho yake hayatulii. Ningalikuwa mimi, ningalimtia pingu kabla ya chai ya saa nne."

"Baba Watoto, macho si ushahidi," alijibu mkewe. "Mgeni hakujua kwamba mbwa amefungwa nyuma ya nyumba. Aliyejua ni mtu wa nyumbani."

"Afande, nisaidie," koplo alimwita jirani yake.

Sajini alitikisa kichwa. "Mnasoma uongo. Kazini kuna jalada na kuna mashahidi waliosahau. Hakuna kiko. Tena katika vitabu hivyo polisi ndiye mjinga siku zote."

Lalamiko hilo la sajini lina uzito. Tangu Arthur Conan Doyle alipomtoa Sherlock Holmes mwaka 1887, imekuwa desturi ya waandishi kumweka ofisa wa polisi pembeni, akosee, ili raia mwerevu apate sifa. Watoto wa askari husoma hayo, na baadhi yao huwatazama baba zao kwa jicho jingine. Hata hivyo mambo ya Doyle mwenyewe hayakwishia vitabuni, na wenye kudai kwamba hadithi hizi ni za kupotezea wakati wangefaa kuyajua.

Mwezi wa Desemba 1908, katika mji wa Glasgow, bibi mzee aliyeitwa Marion Gilchrist aliuawa nyumbani kwake, na pini yake ya almasi ikapotea. Polisi walisikia kwamba mgeni mmoja, Oscar Slater, Myahudi wa Ujerumani mwenye maisha ya kamari, alikuwa akiuza hati ya rehani ya pini ya namna hiyo, kisha akapanda meli kwenda New York. Mgeni, mcheza kamari, msafiri wa ghafula: nani angemtafuta mwingine? Kumbe pini ile ilikuwa ya namna nyingine, tena iliwekwa rehani wiki kadhaa kabla ya mauaji. Slater mwenyewe alikubali kurudi kutoka Marekani ili ashitakiwe. Mwaka 1909 alihukumiwa kunyongwa, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Doyle aliyapima mambo hayo kama mpelelezi wake angalivyoyapima, akatoa kitabu kidogo cha kumtetea Slater mwaka 1912. Serikali haikutikisika.

Mtu aliyethubutu zaidi hakuwa mwandishi. Alikuwa ofisa wa upelelezi wa polisi ya mji huohuo, John Trench, ambaye alikuwa na habari kwamba jina la mtu mwingine lilitajwa mapema na shahidi, kisha likaachwa. Mwaka 1914 alilitoa jambo hilo nje. Uchunguzi ulifanywa, ukamalizika kwa kusema kwamba hukumu ilikuwa sawa, na Trench akafukuzwa kazi. Mpelelezi wa vitabuni, akishaugundua ukweli, hukaribishwa chai na wakubwa. Huyu alipoteza mshahara na jina.

Slater alifunguliwa mwaka 1927, baada ya miaka zaidi ya 18 gerezani, na mwaka 1928 mahakama ikaifuta hukumu yake. Trench hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki mwaka 1919.