Mlio Mmoja Mfupi

Jimiminie chai, ndugu msomaji, nikuhadithie kompyuta zilipokuwa zinasema. Ulibonyeza kitufe, feni ikaanza kuvuma, diski ngumu ikakwaruza kwaruza, kisha ukasikia "pi!" moja fupi. Roho ikatulia: mashine nzima. Ikitoa mlio mrefu na mifupi miwili, kwa zile zenye BIOS (programu ya kuiamsha mashine) ya Award, fundi hakuhangaika na kioo. Alijua ni kadi ya picha. Ikitoa milio mirefu mfululizo, ni RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine. Ikikaa kimya kabisa, ndipo watu wa ofisi walipoanza kutazamana.

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na kwa wengi wetu zilikuja kuonekana miaka ya tisini. Kufikia zama za Windows 98, Kariakoo palikuwa na mafundi kwenye vibanda vyembamba, skrubu zimejaa kwenye vifuniko vya chupa, solda inanuka hadi nje, redio inatangaza mpira.

Dawa ya kwanza ya mashine iliyogoma ilikuwa kifutio cha penseli, kilekile cha wanafunzi. Fundi alichomoa RAM, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu mpaka yakang'aa, akairudisha hadi vibano vikalia "ta, ta". Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Meno yanashika utando, umeme unapita kwa taabu. Mashine ngapi zilizokatiwa tamaa zilifufuka kwa kifutio tu!

Na ndani ya maboksi yale! Vumbi jekundu, mende, mayai ya mjusi. Mijusi walipenda joto la pawasaplai, kile kisanduku cha umeme. Nakumbuka mama mmoja mchapaji alipoonyeshwa mjusi aliyekaukia humo, akashika kiuno: "Kumbe huyu ndiye mla barua zangu, fundi!" Tulicheka hadi chai ikapoa. Mwingine alilalamika kwamba barua zake zinajiandika tarehe za miaka iliyopita. Hilo lilikuwa jepesi: kibetri cha mviringo, CR2032 cha volti 3, kimekwisha, na kila umeme ukikatika saa ya mashine inasahau siku.

Miaka ya mwanzo ya 2000 ukaja ugonjwa wa kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme. Ulifungua boksi ukazikuta zimesimama juu ya mazabodi (ubao mkuu wa mashine), vichwa vimevimba, nyingine zinavuja maji ya kahawia. Maji ya ndani yalitengenezwa vibaya huko viwandani. Fundi alizing'oa akaweka nyingine zenye volti na mikrofaradi zinazofaa, mashine ikaendelea na kazi.

Ninachokiheshimu zaidi ni ile njia yao ya kufikiri. Tatizo likigoma, fundi aliondoa kila kitu akabakiza mazabodi, prosesa, pawasaplai na RAM moja. Akawasha, akasikiliza. Kisha akarudisha kifaa kimoja kimoja, hadi mkorofi akajulikana. Vijana waliokuwa wakishika tochi pembeni walijifunza hapo uvumilivu na ushahidi, bila ubao wala chaki.

Sasa laptopu nyingi zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao, na betri iliyogandishwa kwa gundi. Ni nyepesi, umeme ukikatika unaendelea kuandika. Sikatai, mambo lazima yaende mbele. Lakini huniuma kijana anapoitazama mashine ya miaka michache tu, haitoi hata mlio, akaniambia kwa upole, "Mzee, hii nunua nyingine."

Kama bado unayo ile ya boksi chini ya meza, usiiuze kwa kilo. Chomoa waya ukutani, fungua skrubu za pembeni, futa vumbi, sugua meno ya RAM. Na mwite mtoto ashike tochi.