Sukari ya Paka, Sukari ya Mama

Sisimizi ndio waliompima babu yangu. Mwaka 1983, nikiwa na miaka kumi, mimi na wenzangu tuligundua kwamba pale chini ya mkorosho ambapo babu alizoea kujisaidia usiku, asubuhi palikuwa peusi kwa sisimizi. Wengine tulikojoa papo hapo kwa majaribio, tukarudi kesho yake kuangalia. Sisimizi hawakuja kwetu. Tulicheka sana. Wakubwa hawakucheka. Mmoja alisema mzee amechezewa, mwingine akasema ni asali aliyokuwa akirina porini tangu ujana wake, sasa imejaa mwilini inatafuta pa kutokea.

Huyo wa asali hakuwa mbali na ukweli. Waganga wa Uhindi ya kale waliuita ugonjwa huu mkojo wa asali, na wao pia walielekezwa na sisimizi.

Nalasi iko kusini mwa Tunduru, upande wa Mto Ruvuma na Msumbiji, na enzi hizo kumtoa mgonjwa kulikuwa kazi ya ukoo mzima. Mjomba ndiye aliyeamua, maana kwetu Wayao neno la mjomba lilikuwa zito kuliko la baba. Babu akapelekwa hospitali, nami nikafuatana nao kubeba sufuria. Mtu wa maabara alimimina maji ya bluu kwenye kichupa kirefu cha kioo, akadondoshea mkojo, akachemsha juu ya moto wa spiriti. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikaishia rangi ya tofali. Miaka mingi baadaye, nikisoma ualimu, nilikuja kujua kwamba maji yale yanaitwa kwa jina la Mmarekani Stanley Benedict, na kwamba tunawafundishia wanafunzi kutambua sukari kwenye ndizi na viazi. Siku ile nilichosikia ni neno moja tu: tofali. Mjomba aliuliza sukari ni nyingi kiasi gani. Akajibiwa, tofali. Tukarudi nyumbani na tofali letu. Babu alipata kidonda mguuni, hakikupona, akafariki kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Alikuwa mgonjwa wa ajabu kwa wakati wake. Miaka hiyohiyo ya themanini, madaktari wa Muhimbili wakiongozwa na Donald McLarty walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta tisa katika mia. Mama yangu aliingia kwenye hesabu katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2009.

Yeye hakupimwa kwa tofali. Alichomwa kidole mjini Tunduru, akaambiwa kumi na sita. Alirudi na vidonge vya aina mbili na namba hiyo, akaitunza kama mtu anavyotunza namba ya kesi. Ukimuuliza hali, anasema, "Mimi ni kumi na sita." Mwezi ukipita anakwenda kliniki, anapewa namba nyingine, anakuwa hiyo kwa mwezi mzima. Kwamba kati ya Jumatatu na Jumanne, au kati ya uji na ugali, namba ile hupanda na kushuka kama maji kisimani, hilo hatukulijua, na hakuna aliyetuambia.

Kutojua huko nusura kutuzikishe mtu. Mwaka 2014, msimu wa kuokota korosho, mama alimeza vidonge vyake alfajiri akaenda shamba bila kula. Jua lilipopanda akaanza kutoka jasho, kutetemeka, na kuita watu waliokwisha kufa. Waliokuwa naye wakasema sukari imepanda, asiguse kitu kitamu. Nikapigiwa simu Songea. Mimi mwalimu, mtu wa kutegemewa, nikaafiki: msimpe kitu kitamu. Mtoto wa jirani, ambaye hakuulizwa na mtu, aliona midomo ya bibi imekauka akamkamulia bibo mdomoni. Juisi ya bibo ni tamu, mnajua. Akakamua la pili, la tatu. Baada ya kitambo mama akaketi, akauliza kwa nini watu wamemzunguka kama maiti. Sukari ilikuwa imeshuka, na sisi wenye akili zetu tulikuwa tunamzuia asipewe dawa iliyotapakaa miguuni pake.

Ndiyo maana mwaka 2016 nilinunua mashine ya kupimia sukari. Nilimpelekea likizo ya Desemba, nikaonyesha: hiki kichomeo, hivi vijiti, hapa unagusisha damu, unahesabu sekunde tano. Mama alitazama kwa adabu, akashukuru, akaifungia sandukuni pamoja na sanda yake. Huko ikakaa miaka mitatu.

Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza aliisema: damu inayomwagwa hospitali ina mwenyewe wa kuitupa, ila damu inayomwagwa nyumbani hujui nani ataiokota. Ya pili hakuisema, nikaja kuielewa baadaye. Namba ya hospitali huletwa na mtu mwingine, unaweza kuilaumu safari, foleni, hata mpimaji. Namba uliyojichoma mwenyewe huna wa kumsingizia.

Mama hakuwa peke yake. Mashine za kwanza za kusoma sukari kwenye tone la damu, zilizotengenezwa na kampuni ya Ames ya Marekani karibu na mwaka 1970, zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na ziliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mhandisi mmoja, Richard Bernstein, aliyeugua kisukari tangu utotoni, aliitaka akanyimwa kwa kuwa si daktari. Mkewe alikuwa daktari. Ikaagizwa kwa jina lake. Akajipima mara kadhaa kwa siku, akabadilisha chakula na insulini kwa kufuata namba zake, na madaktari walipokataa kumsikiliza akaenda kusomea udaktari akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Hoja ya wakubwa wa wakati huo ilifanana na ya mama: mgonjwa na damu yake wasiachwe peke yao.

Aliyelifungua sanduku ni paka.

Mdogo wangu wa kike alikwenda Ujerumani, jimbo la Bavaria, kusomea uuguzi wa wazee. Kati ya wazee aliokuwa akiwahudumia majumbani alikuwamo bibi mmoja mwenye paka dume mnene, aliyehasiwa, asiyetoka nje. Paka huyo alikuwa na kisukari. Vidole vya yule bibi vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, hivyo mdogo wangu, akiisha kumhudumia mtu, alimsaidia na paka. Siku moja mwaka 2019 alijirekodi akatutumia, nami nilikuwa Nalasi. Tulikaa mkekani, mama, wajukuu na mimi, simu imeegemezwa kwenye birika.

Mdogo wangu alilikanda sikio la paka kwa kitambaa chenye joto ili damu ishuke. Akaweka pamba nyuma ya sikio, akachoma ukingoni, palipo na mshipa mwembamba kama uzi. Tone likatokea dogo kuliko punje ya mtama. Akagusisha kijiti. Paka hakulia. Alikuwa akitazama bakuli, maana alijua kila akichomwa hufuata kipande cha kuku. Namba ikatoka: 310. Kisha sindano ya insulini kwenye ngozi ya shingo, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu.

Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Paka anapimiwa nyumbani kwake, mimi nifukuzane na bodaboda mpaka Tunduru?" Akanyanyuka kwenda kufungua sanduku.

Vijiti vilikuwa vimekwisha muda, ikabidi tusubiri boksi jipya. Na kabla boksi halijafika ukazuka ubishi. Mama alikuwa na kumi na nne kliniki, paka mia tatu na kumi, kwa hiyo yeye ni mzima, mgonjwa ni paka. Ilibidi nimweleze kwamba wale wanapima kwa miligramu, sisi kwa milimoli, ni kama maili na kilomita. Ukitaka kuleta namba yao kwetu unagawanya kwa kumi na nane. Nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Paka akatoka kumi na saba na ushei. Mama akaitazama ile kumi na saba, akaguna.

Aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyawaza. Paka anakula nini? Chakula kikavu cha dukani, kina nafaka nyingi. Panya hakamati? Hajawahi kuona panya. Wetu ambaye hulala ghalani juu ya magunia ya mpunga na kula alichokiua, mbona haugui? Mdogo wangu alicheka, akasema daktari wa mifugo amemwambia bibi mambo hayohayo: apunguze wanga, ampe nyama, paka apungue uzito.

Tulijifunza pia kwamba paka akipelekwa kwa daktari sukari yake huruka juu kwa woga wa gari na harufu za mbwa, hata ukadhani amezidiwa. Kwake, kitini pake, ni mnyama mwingine. Ndiyo sababu kubwa ya kumpimia nyumbani. Mama alilidaka neno hilo. Akasema miaka kumi hakuna aliyewahi kuipima sukari yake. Waliyokuwa wakiipima ni ya mtu aliyeamshwa saa tisa usiku, akapanda pikipiki na njaa, akaogopa kila kona.

Yule bibi wa Kijerumani, kusikia habari za mama, alitaka kutuma mashine ya akiba ya paka. Mdogo wangu akakataa kwa upole. Sukari ya paka karibu yote imo kwenye majimaji ya damu, ya mtu nyingine nyingi imo ndani ya chembe nyekundu; mashine ya mmoja humdanganya mwenzake. Mama alisikitika kidogo. Angependa kuwa na kitu cha paka yule.

Boksi lilipofika tukagundua kwamba kidole cha mama hakichomeki. Miaka hamsini ya jembe na mafuta ya maganda ya korosho vimemjengea sugu ambayo sindano ya kichomeo iligonga ikarudi. Tukapandisha kina mpaka namba ya mwisho, tukahamia ubavuni mwa kidole cha pete, na kabla ya kuchoma anauning'iniza mkono na kuukamua kuanzia kiwiko, kama anayekamua mbuzi. Damu iliyobaki kwenye pamba huitupa jikoni motoni. Hoja ya kwanza ikaisha hivyo.

Vijiti ni ghali, kwa hiyo hakuna kupima ovyo. Mama akawa na utaratibu alioutunga mwenyewe: siku mbili kwa wiki, na kila siku na swali lake. Leo uji wa mahindi, saa mbili baadaye ni ngapi. Juma lijalo ugali wa muhogo na kisamvu. Juma jingine ugali huohuo, lakini baada yake atembee mpaka kwa shoga yake na kurudi. Siku ya kutembea namba ilishuka kwa karibu tatu, akanipigia simu usiku kunieleza kama aliyeokota dhahabu. Ramadhani alimuuliza sheikh, akajibiwa tone la kidole halivunji saumu. Daktari naye akambadilishia saa za vidonge.

Siku moja ya msimu mashine ikasoma 22.4. Watoto wakaanza kulia. Mama akaitazama mikono yake: alikuwa ametoka kutenganisha korosho na mabibo. Akanawa kwa sabuni, akakausha, akachoma kidole kingine: 9.6. Sukari ilikuwa ya bibo, juu ya ngozi. Ile juisi iliyomfufua mwaka 2014 sasa ilijaribu kumuua kwa namba.

Namba zote anaziandika mwenyewe. Mama hakwenda shule ya serikali, alisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo daftari lake linaanzia kulia na tarakimu zake ni za Kiarabu. Mara ya kwanza alipolipeleka kliniki, muuguzi kijana aliona safu ya viduara akashtuka: bibi, hizi sifuri ni za nini? Mama akamfundisha. Kiduara ni tano. Kile kinachofanana na V ni saba. Kitone ndicho sifuri. Sasa yule kijana anazisoma bila kuuliza, na nimeambiwa amewahi kuitwa chumba cha pili kusoma daftari la mzee mwingine.

Likizo iliyopita nililipekua. Kurasa za kwanza zina namba zilizotawanyika, kumi na tatu, kumi na moja, moja ya alfajiri ni tatu kasoro, nayo ameichorea mstari. Katikati ya mwaka 2020, pembeni kabisa mwa ukurasa, nje ya safu, kuna neno kwa herufi za Kiarabu ambalo sikulielewa, nikamuuliza. Akasema, "Paka. Ni siku alipoachishwa sindano." Mbele yake ameandika 104, na chini yake, kwa mkono wa mjukuu aliyemgawia kwa kumi na nane, 5.8. Kwenye safu yake mwenyewe siku hiyo kuna 7.9.

"Alinishinda," mama akasema, akalichukua daftari lake.