Njia Ipitayo Mlimani

Sikupata kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kwa mwaka mzima nilikipita kila siku. Nilitoka Izigo nikakaa kwa mjomba, Changanyikeni, na daladala zetu zilikatiza chuoni. Watu hukiita chuo hicho Mlimani, kama waitavyo kitongoji chochote. Mhadhiri na makabrasha yake hubanana kiti kimoja na mama mwenye ndoo ya samaki.

Siku nisizokuwa na nauli nilitembea, nikapumzika vivulini karibu na Ukumbi wa Nkrumah. Aprili moja niliingia humo kusikiliza mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoasisiwa 2008. (Kigoda! Jina la kijiti cha kukalia jikoni.) Viti vilikuwa vimejaa, nikasimama nyuma, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Sikustaajabu. Kwetu njia hupita katikati ya migomba ya mtu, karibu na mlango wake, na mpitaji hudaiwa salamu tu.

Sasa chuo hicho kimekuja kujenga kampasi Itahwa, Bukoba. Shangazi yangu aishiye upande huo alinipigia simu. "Mwanangu, wakizungushia ukuta, njia ya chemchemini itapita wapi?"

Nikamsimulia habari za Mlimani, za daladala, za vivuli, za ukumbi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Nimekuelewa," akasema. "Na njia ya chemchemini?"