Mita moja, vyumba vinne

Anayetaka kuelewa leseni za programu kwenye seva kubwa aanze na nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU. Mwenye friji achange sawa na mwenye taa moja? Na yule aliyelala kwa shangazi yake wiki nzima? Ugomvi huo naujua, nimepanga Manzese miaka sita. Kazini nikaukuta tena, safari hii kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Seva yetu ni moja, ya IBM Power, prosesa nane. Tuliigawa patisheni nne: ya kazi zenyewe, ya ripoti, ya majaribio na ya mafunzo. Kila moja inajiona mashine kamili, ina mfumo endeshi wake na anwani yake. Ukiizima moja, wenzake hawana habari. Si jambo geni, IBM wameziweka patisheni hizi kwenye mashine zao kubwa tangu 1988.

Sasa mwenye programu atoze nini: mashine, patisheni au prosesa? Swali si la kitoto. Oracle, kwa mfano, database yao ya Enterprise imeorodheshwa kwa miaka mingi dola 47,500 kwa prosesa moja, na matunzo ya mwaka juu yake. Hapo neno dogo “kikomo” linakuwa ghali. Patisheni yenye kikomo haivuki ulichoipa. Isiyo na kikomo huazima nguvu za majirani wakiwa wamelala. Mimi hiyo ya pili naipenda, ni ujirani mwema kabisa. Ila muuzaji huhesabu inapoweza kufika, hahesabu ilichotumia. Ukiruhusiwa kuazima pasi ya jirani, basi lipia pasi.

Muuzaji wetu (si hao niliowataja) alileta ankara: patisheni ya majaribio ilipiwe bei ileile ya patisheni ya kazi. Bosi akaisoma mara mbili.

“Dada, ifunge tu hiyo ya majaribio.”

“Bosi, hiyo ndiyo inayotulinda tarehe 25.”

Tarehe 25 mishahara ya watu inapita kwetu. Bila majaribio, kila rekebisho lingeenda moja kwa moja kwenye pesa za watu, na mwalimu aliyeko Kibondo angekuja kugundua kosa letu akiwa kwenye foleni ya ATM. Nilimweleza hivyohivyo. Akanyamaza, akaomba kalamu.

Barua zilikwenda na kurudi wiki tatu. Mwisho tukakubaliana: majaribio iwekewe kikomo cha nusu prosesa, na kwa kuwa mkataba haujui nusu, tulipie moja nzima. Sawa, kulipia nusu ya hewa ni nafuu kuliko ankara ile.

Fedha ya nyongeza ilibidi itoke mahali. Ijumaa jioni nikaifuta patisheni ya mafunzo. Vijana wa field wanaokuja kwetu sasa wanajifunzia kwenye picha za skrini nilizozichapisha, kurasa arobaini, na juzi mmoja aliniuliza akibonyeza hapa kinatokea nini.