Paka Juu ya Paa la Bati

Wasomaji wenzangu, sina haja ya kumweleza mtu jinsi paa la bati linavyokuwa saa sita mchana wakati wa kaskazi. Hata kuku akirukia juu hakai. Huinua mguu huu, akaushusha, akainua ule, kisha huruka chini kwa kelele. Mwandishi mmoja wa Marekani, Tennessee Williams, alitumia mfano wa namna hiyo kuuita mchezo wake Cat on a Hot Tin Roof, yaani Paka Juu ya Paa la Bati Lenye Moto. Paka mwenyewe ni mwanamke, jina lake Margaret, ambaye mumewe hamtaki tena, naye hakubali kuruka chini.

Nataka kuandika habari za mchezo huo, na za sinema zilizotokana nao, kwa sababu umenisumbua moyo tangu baba yangu alipofariki. Si mchezo wa kuwasomea watoto wa shule. Wamo walevi, na matusi yamo. Lakini mtu mzima aliyepata kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa atakuta ndani yake mambo anayoyajua.

Mambo yote hupita jioni moja, katika chumba kimoja cha kulala, nyumbani kwa mzee tajiri katika Delta ya Mississippi, kusini mwa Marekani. Watu wa nyumbani humwita Big Daddy; nasi tungemwita Baba Mkubwa, kama jina hilo lisingekuwa na mwenyewe kwetu. Alipata kuwa msimamizi wa shamba la pamba, hata akawa mwenye shamba lenyewe, eka 28,000. Siku hiyo anatimiza miaka 65. Alikuwa mgonjwa, akapimwa, na majibu yamekuja: ni msokoto wa utumbo tu, hana neno. Mzee anafurahi kama mtu aliyefufuka. Walakini wanawe na wake zao wanajua ya kuwa ni saratani, na ya kuwa hatapona. Keki inaletwa, nyimbo zinaimbwa, na kila mmoja anatabasamu. Mke wa mzee naye amedanganywa pamoja na mumewe.

Wana ni wawili. Mkubwa, Gooper, ni wakili mjini Memphis. Mkewe amezaa watoto watano na wa sita yu tumboni, nao wamekuja na karatasi za kugawanya mali zikiwa tayari. Mdogo ni Brick, mume wa Margaret, ndiye apendwaye na mzee. Lakini amekuwa mlevi tangu rafiki yake Skipper alipokufa. Usiku uliotangulia alijaribu kuruka viunzi katika uwanja wa michezo wa shule, akavunja kifundo cha mguu, na sasa anatembea kwa gongo. Yeye na mkewe hawana mtoto. Na mzee hajaandika wosia. Yumo hata mchungaji mmoja, ambaye mazungumzo yake hayawi mbali na zawadi ambazo makanisa mengine yameachiwa na wafu wao. Nalicheka nilipomsoma, kisha nikatazama nyuma yangu kama hakuna mtu.

Sasa niseme habari zangu. Baba yangu alikuwa mkulima wa machungwa na minazi katika wilaya ya Muheza. Kiswahili alikisoma vizuri, na gazeti alilisoma kila alipolipata, lakini Kiingereza hakukijua. Mwaka alioanza kukonda twalimpeleka hospitali kubwa ya mjini. Daktari alimwita kaka yangu kando, akamwambia. Kaka akatukusanya chini ya mwembe, karibu na lango, akasema, “Mzee asiambiwe. Akiambiwa atakufa kabla ya siku yake. Tutasema ni vidonda vya tumbo.” Hakuna aliyepinga. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba hajibizani na kaka zake. Walakini hiyo si sababu, maana moyoni nalifurahi kupata mtu wa kuniamulia.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, baba aliniita barazani. Alikuwa na karatasi ya hospitali mkononi, ameikunja mara nne. Akasema, “Mwalimu,” maana aliniita hivyo tangu nilipotoka chuoni, kwa mzaha na kwa fahari pia, “Mwalimu, wewe ndiwe niliyekusomesha. Nisomee hii.”

Naliichukua. Neno lenyewe lilikuwa katika mstari wa nne. Nikasoma kwa sauti, polepole, kama nisomavyo imla darasani, mambo yasiyokuwamo: vidonda, dawa ya kunywa kabla ya kula, mgonjwa aepuke pilipili. Pilipili nalizitia mimi mwenyewe, ili maneno yafanane na ya daktari. Baba akanishukuru. Tangu siku ile hakuonja pilipili tena, naye alikuwa mtu asiyeweza kula muhogo bila pilipili.

Aliishi miezi mitano. Katika miezi hiyo alipanda miche 40 ya michungwa, wala hakusema neno juu ya mpaka wa shamba, kwa kuwa hakuona sababu ya haraka. Sasa sisi ndugu tumeitwa barazani mara mbili kwa ajili ya mpaka huo.

Ilikuwa baada ya msiba huo nilipoiona sinema, katika kompyuta ya mwalimu mwenzangu. Ni ile ya mwaka 1958, iliyosimamiwa na Richard Brooks. Elizabeth Taylor ni Margaret, Paul Newman ni Brick, na Burl Ives ni mzee. Ives ndiye aliyekuwa mzee tangu mwanzo, mchezo ulipofunguliwa New York tarehe 24 Machi 1955, na ni ajabu kufikiri kwamba siku hiyo alikuwa na miaka 45 tu. Ana mwili mkubwa na sauti inayotoka chini, na akiingia chumbani wengine wote huwa kama wageni. Taylor naye, mumewe Mike Todd alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Machi 1958, wakati sinema ikiendelea kupigwa, akarudi kuimaliza. Sinema hiyo ilitajwa kwa tuzo sita za Oscar, isipate hata moja.

Katika sinema hiyo, mzee akiisha kuujua ukweli hushuka katika chumba cha chini ya nyumba, kilichojaa samani na sanamu zilizonunuliwa Ulaya na hazikutumiwa kamwe. Brick humfuata na gongo lake. Humo baba na mwana hugombana, huvunja vitu, kisha mzee husimulia habari za baba yake mwenyewe, mtu maskini wa kuzurura, aliyemwachia sanduku kuukuu tu. Na Brick huona ya kuwa mtu yule asiye na kitu alimpa mwanawe upendo, na ya kuwa yeye amepewa vitu tu. Wakapatana. Wakapanda ngazi pamoja. Naona haya kusema jinsi nilivyolia. Nalimwomba mwenzangu airudie sehemu ile, akairudia, akatoka nje akaniacha.

Baadaye nikapata kitabu, nikakisoma kwa siku mbili. Chumba cha chini hakimo.

Katika kitabu, mazungumzo ya baba na mwana yako katikati, nayo ni marefu, na kwangu mimi ndiyo moyo wa mchezo mzima. Mzee anataka kujua kwa nini mwanawe anakunywa. Brick anajibu kwamba amechoshwa na uongo wa watu. Mzee anamwambia kwamba yeye ameishi na uongo maisha yake yote, kwa mkewe, kwa kanisa, kwa wanawe, wala hakuona njia nyingine. Kisha anauchimba uongo wa Brick mwenyewe. Skipper alimpigia simu siku za mwisho wake, akataka kumwungamia jambo, na Brick akaikata simu. Watu walinong'ona ya kuwa mapenzi ya hao wawili yalipita urafiki. Mwandishi hasemi ndiyo wala siyo. Anachosema mzee ni kwamba mwanawe alimkimbia rafiki katika saa ya haja, na kwamba anachokichukia ni nafsi yake. Hapo Brick, kwa uchungu wa kufichuliwa, analipiza: anamwambia babaye kwamba hatakuwa na siku ya kuzaliwa nyingine. Ukweli unatoka hivyo, kama jiwe linalotupwa na mtu aliyepigwa jiwe. Hakuna aliyeusema kwa kuwa ni haki ya mzee kuujua.

Na baada ya hapo? Kama Williams alivyouandika kwanza, mzee haonekani tena jukwaani. Sauti yake tu husikika kutoka chumba kingine, akilia kwa maumivu. Elia Kazan, aliyeusimamia mchezo huko New York, hakuridhika. Aliona mzee mwenye nguvu hivyo hawezi kupotea tu. Williams akaandika sehemu ya tatu mara ya pili, mzee akarudi, na ndivyo ulivyochezwa na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1955. Lakini kitabu kilipochapwa mwaka ule, mwandishi alizitia sehemu zote mbili, ili msomaji ajionee. Mimi nalijionea. Katika zote mbili hakuna kupatana kwa baba na mwana. Kuna Margaret tu, ambaye mbele ya jamaa wote anatangaza kwamba ana mimba, na hana. Ukweli wa Brick ni wa kuumiza. Uongo wa Margaret ndio wenye uhai ndani yake, maana anakusudia kuugeuza uwe kweli kabla ya kupambazuka. Nalitaka sana kumlaumu, lakini nikakumbuka pilipili zangu.

Watengenezaji wa sinema walifungwa na kanuni za Hollywood za siku zile, zilizowakataza hata kulitaja jambo la Brick na Skipper. Basi wakalitoa, na palipobaki pengo wakaweka chumba cha chini na sanduku. Williams hakuipenda kazi hiyo. Baadaye pakaja nyingine za televisheni. Mwaka 1976 Laurence Olivier, Mwingereza, alikuwa mzee, na Natalie Wood akawa Margaret. Mwaka 1984 Jessica Lange na Tommy Lee Jones waliucheza, na yaliyokatwa mwaka 1958 mengi yakarudishwa. Humo Kim Stanley, mke wa mzee, ndiye ashikaye moyo kuliko wote. Hiyo ya mwisho iko karibu zaidi na kitabu, lakini sikuirudia mara ya pili.

Jambo moja zaidi siwezi kulipita. Katika nyumba ile wamo watumishi weusi. Huingia na keki, huingia na vinywaji, husema maneno machache, hutoka. Eka 28,000 za ndugu wale wanaogombania zililimwa na mikono ya nani? Mchezo hauulizi. Mwezi wa Agosti 1955, miezi mitano tu baada ya kufunguliwa kwake, katika Delta hiyo hiyo, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, aliuawa na Wazungu. Wawili walioshtakiwa waliachiliwa mwezi wa Septemba na wazee wa baraza, wote Wazungu, na mwaka uliofuata wakakiri gazetini kwamba ni wao waliomwua. Nikisoma Big Daddy anavyoulalamikia uongo, hufikiri ya kwamba ulikuwako mkubwa zaidi nje ya dirisha lake. Kwa hiyo nalifurahi kujua kwamba mwaka 2008 Debbie Allen aliusimamia mchezo huu Broadway kwa wachezaji weusi watupu, James Earl Jones akiwa mzee na Phylicia Rashad akiwa mkewe. Mchezo huo ulifika London pia, Jones na Rashad wakiwamo.

Likizo iliyopita kaka yangu alikuja kwangu kwa habari za mpaka. Hatukupatana mchana, na usiku hapakuwa na la kusema, nikamwonyesha sinema ile ya 1958. Kiingereza chake ni kidogo, nikawa namfasiria. Nalimfasiria barabara, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Mzee alipoambiwa, kaka akauliza, “Amemwambia?” Nikasema, “Amemwambia.” Akanyamaza hata mwisho, na wale wawili walipopanda ngazi akauliza kama kitabuni ndivyo ilivyo.

“Sivyo,” nikamjibu. “Kitabuni hawakupatana.”

Akafikiri kitambo. Kisha akauliza kama ile karatasi ya hospitali ninayo bado, maana yeye alisikia kwa daktari tu, hajapata kusomewa. Nikaondoka kwenda kuitafuta sandukuni.