Wakati na Muda katika Haskell

Ripoti ya lugha ya programu ya Haskell 98, iliyotolewa Februari 1999, ilikuja na moduli ndogo iliyoitwa Time. Ndani yake mlikuwa na aina tatu kuu za data. ClockTime ilikuwa kile kilichosomwa kwenye saa ya kompyuta. CalendarTime ilikuwa wakati huohuo uliochambuliwa kuwa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, na TimeDiff ilikuwa tofauti kati ya nyakati mbili. Sekunde iligawanywa hadi pikosekunde, yaani sehemu moja ya trilioni. Saa ya kompyuta ya kawaida haikufikia usahihi huo wakati ule, wala haiufikii leo. Aliyeifungua moduli hiyo kwa mara ya kwanza angeweza kabisa kudhani kwamba suala la usahihi limekwisha.

Lilikuwa bado, na mahali lilipojificha ni TimeDiff. Aina hiyo ilikuwa na nafasi za miaka, miezi, siku, saa, dakika, sekunde na pikosekunde, zote zikiwa zimepangwa pamoja kana kwamba ni vipimo vya jamii moja. Dakika ina sekunde 60, lakini mwezi una sekunde ngapi? Februari na Machi hazilingani, na Februari yenyewe hubadilika mwaka mrefu ukifika. Maktaba iliyoambatana na kompaila ya GHC ililazimika kujibu swali lisilo na jibu: ilipopanga upya TimeDiff, mwezi ulihesabiwa kuwa siku 30 na mwaka siku 365. Kwa hesabu hiyo miezi 12 ni siku 360, pungufu ya mwaka kwa siku tano. Pikosekunde zilitunzwa kwa uangalifu mkubwa huku siku nzimanzima zikipotea.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kueleza kasoro hii: wakati na muda. Ukitoa wakati kwenye wakati unapata muda; ukiongeza muda kwenye wakati unapata wakati mwingine; kujumlisha wakati na wakati hakuna maana yoyote. Hata hivyo lugha nayo huteleza. "Saa mbili" inaweza kuwa saa ya kufungua ofisi asubuhi, na inaweza kuwa urefu wa safari. Ndiyo maana watu wengi husema "masaa mawili" wanapotaja urefu, ingawa walimu wa sarufi hulisahihisha neno hilo kila siku. Wanaolitumia wanatafuta kitu cha haki kabisa, nacho ni alama ya kutenganisha vitu viwili vinavyoandikwa kwa tarakimu zilezile. Namba 7200 ndani ya kompyuta ina utata huohuo, na mwandishi wa programu hana sarufi ya kumwokoa isipokuwa aina za data.

Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 2000, Ashley Yakeley alipoandika maktaba mpya iliyoitwa time, bila herufi kubwa. Moduli ya zamani ilihamishiwa kwenye kifurushi cha old-time, na viwango vya Haskell 2010 havikuwa nayo tena. Pikosekunde zilibaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba kila dhana ilipewa aina yake, na kompaila ikapewa kazi ya kukataa mchanganyiko. Nukta ya wakati ikawa UTCTime. Muda ukawa NominalDiffTime. Tarehe ya kalenda ikawa Day, saa ya ukutani ikawa TimeOfDay, na tofauti ya eneo ikawa TimeZone. Miezi iliondolewa kwenye hesabu ya muda ikarudishwa kwenye kalenda, ambako anayeiongeza sharti aseme anataka nini. Tarehe 30 Januari 2005 ukiiongeza mwezi mmoja, fanksheni moja huishia tarehe 28 Februari na nyingine humwagikia tarehe 2 Machi. Zote mbili ni sahihi, kwa sababu kila moja inatangaza kanuni yake katika jina lake.

Umbo la UTCTime lenyewe linastahili kuangaliwa kwa karibu. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa saa ya kimataifa (UTC), ambayo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. UTCTime ina sehemu mbili: siku, inayohesabiwa tangu tarehe 17 Novemba 1858 kwa mtindo wa wanafalaki, na muda uliopita ndani ya siku hiyo. Sababu ya kugawanya hivyo ni sekunde za nyongeza. Dunia haizunguki kwa kasi iliyo sawa na saa za atomu, na kuanzia 1972 hadi mwisho wa 2016 sekunde 27 zilipachikwa kwenye UTC. Ya mwisho iliingia Afrika Mashariki alfajiri ya Mwaka Mpya wa 2017, sekunde moja kabla ya saa tisa usiku kutimia. Siku iliyoongezewa ina sekunde 86,401. Hesabu ya kawaida ya tangu 1970 haina mahali pa kuiandika sekunde hiyo, UTCTime inapo.

Kutokana na sekunde hizo, muda nao ukagawanyika. NominalDiffTime huichukulia kila siku kuwa na sekunde 86,400, wakati DiffTime huhesabu sekunde halisi za saa ya atomu. Kutoka 23:59:59 usiku ule wa mwisho wa 2016 hadi 00:00:00, kwa UTC, aina ya kwanza inatoa sekunde moja na ya pili sekunde mbili. Anayehitaji jibu la pili hutumia AbsoluteTime, inayofuata saa za atomu moja kwa moja, pamoja na orodha ya sekunde za nyongeza. Maktaba haikubeba orodha hiyo ndani yake, kwa kuwa ingeweza kupitwa na wakati ndani ya miezi sita. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, hata kama ulimwongezea mtumiaji kazi.

Uaminifu huu una gharama. Namba kamili ya biti 64 ikihesabu pikosekunde hujaa baada ya siku 106 hivi, kwa hiyo maktaba ilichagua Integer, ambayo hukua bila kikomo lakini ni nzito zaidi. Namba za Double ni nyepesi, ila zikibeba sekunde za tangu 1970 haziwezi tena kutofautisha nyakati zilizokaribiana kuliko robo ya mikrosekunde. Kuanzia toleo la 1.8 iliongezwa SystemTime: sekunde katika biti 64 na nanosekunde katika biti 32. Nanosekunde zinaruhusiwa kuvuka bilioni moja, na huko ndiko sekunde ya nyongeza inakokaa.

Kasoro moja ya asili imebaki. Aina zote mbili za muda zinakubali hesabu za kawaida za namba, ili mtu aweze kuandika 3600 bila mapambo. Matokeo yake kompaila inaruhusu kuzidisha sekunde mbili kwa sekunde tatu na kupata sekunde sita, jambo lisilo na maana katika vipimo. Ni urahisi ulionunuliwa kwa bei kubwa mno.

Novemba 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba kikomo cha tofauti kati ya UTC na mzunguko wa dunia kipanuliwe ifikapo 2035 au kabla ya hapo, hatua itakayosimamisha sekunde za nyongeza kwa miaka mingi. Sekunde 27 zilizokwisha kupachikwa zitabaki kwenye kumbukumbu za vipimo vya zamani, na programu inayozisoma bado itahitaji siku yenye nafasi ya sekunde 86,401.